MoviePass Ilivyowageuka Wateja Wake

Tarehe 7 Juni 2021, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa imefikia makubaliano na kampuni ya MoviePass, iliyowauzia watu huduma ya kwenda sinema kwa ada ya mwezi, kampuni mama yake Helios and Matheson Analytics, na wakuu wao wawili, Mitch Lowe na Ted Farnsworth. Katika malalamiko ya tume kuna jambo ambalo kila aliyewahi kuning'inia kwenye laini ya huduma kwa wateja anapaswa kulisoma mara mbili. Wateja 75,000 wa MoviePass walibatilishiwa nywila zao na kampuni yenyewe, kisha wakaambiwa kwamba akaunti zao zimeonyesha dalili za udanganyifu. Udanganyifu wenyewe haukuwapo. Watu hao walichaguliwa kwa sababu walikuwa wakienda sinema mara nyingi, yaani walikuwa wakitumia kile walichokilipia.

Tumezoea kusema kwamba huduma mbovu ni matokeo ya uzembe. Karani hakufundishwa, meneja hayupo, mtandao umekata. Uzembe upo, na hata katika kisa hiki ulikuwapo mwanzoni. Lakini kuna huduma mbovu ya aina nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha: ile inayokaliwa kikao, ikapangiwa watu wa kuteswa nayo, na ikahesabiwa itaokoa shilingi ngapi. Kisa cha MoviePass ni mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu katika biashara ya sinema, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wake iko kwenye nyaraka za serikali. Ndiyo maana nakieleza kwa kirefu.

Ahadi ya dola 9.95

MoviePass ilianzishwa mwaka 2011 na Stacy Spikes na Hamet Watt. Wazo lilikuwa jepesi kueleweka: mteja alipe ada ya mwezi, aende sinema apendavyo. Kwa miaka kadhaa ada hiyo ilikuwa kubwa, dola 30 hadi 50 kutegemea mji na kipindi, na wateja walikuwa wachache. Mwaka 2016 Lowe, aliyewahi kufanya kazi Netflix na kuwa rais wa Redbox, kampuni ya kukodisha filamu za DVD, akawa mkurugenzi mkuu. Mwaka uliofuata Helios and Matheson, iliyoongozwa na Farnsworth, ikakubali kununua hisa nyingi za kampuni, na tarehe 15 Agosti 2017 bei ikashushwa hadi dola 9.95 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo mteja angeweza kutazama filamu moja kila siku.

Hapa hesabu ndiyo kiini cha kisa chote. Mwaka huo wastani wa bei ya tiketi moja nchini Marekani ulikuwa dola 8.97. Katika miji kama New York tiketi ya jioni ilipita dola 15. MoviePass haikuwa na kumbi zake, na kumbi nyingi hazikuipa punguzo lolote. Kila mteja alipoingia sinema, kampuni ililipa tiketi kwa bei kamili. Kwa hiyo mteja aliyekwenda mara moja kwa mwezi karibu amalize ada yake yote. Aliyekwenda mara mbili alikuwa hasara. Aliyekwenda mara tatu au nne, mpenzi wa kweli wa sinema, ambaye ndiye hasa tangazo lilimwita, alikuwa hasara kubwa.

Wakuu wa kampuni walikuwa na majibu. Walisema watu huchangamkia kitu kipya kisha hupoa, kwa hiyo matumizi yatashuka. Walisema taarifa za wateja zitauzwa kwa watangazaji, na kumbi zitakubali kugawana mapato ya bisi na vinywaji. Mwekezaji aliyetaka kuamini aliamini. Oktoba 2017 hisa moja ya Helios and Matheson ilipita dola 30. Mnunuzi wa tiketi yeye hakuwa na haja ya kuamini hesabu za mtu. Aliambiwa filamu moja kila siku kwa dola 9.95, akatoa namba ya kadi yake ya benki.

Wateja walifurika. Kabla ya Agosti wateja walikuwa kama 20,000. Desemba mwaka huohuo walipita milioni 1, Februari 2018 milioni 2, na Juni 2018 kampuni ilitangaza imefikisha milioni 3.

Kwenye dirisha la tiketi

Ili kuelewa mteja alivyoumia, ni lazima kufuata hatua alizopitia. Mteja alipewa kadi nyekundu ya Mastercard yenye jina la MoviePass. Kadi hiyo ilikuwa tupu. Alipotaka kutazama filamu alikwenda kwanza hadi ukumbini, akafungua programu kwenye simu yake akiwa umbali usiozidi yadi 100 kutoka jengo, akachagua filamu na saa, akabonyeza kuthibitisha. Hapo kampuni iliingiza kwenye kadi fedha za tiketi hiyo moja, na mteja akawa na dakika 30 za kununua. Kwa kawaida hakuweza kununua mapema akiwa nyumbani. Filamu za 3D na zile za skrini kubwa za IMAX hazikuwamo.

Maana yake ni kwamba mteja hakujua kama huduma itafanya kazi mpaka awe amekwisha kufika. Amepanda gari, amelipa maegesho, pengine amemwacha mtoto kwa yaya wa kulipwa kwa saa, amekutana na mwenzake mlangoni. Hapo ndipo programu inapomwambia kwamba filamu haipatikani, au kadi inakataa mbele ya foleni. Katika biashara nyingi kasoro hugundulika mtu akiwa bado na njia ya kurudi nyuma. Hapa iligundulika pale ambapo gharama zake nyingine zote zilikwisha kutoka, na mara nyingi alitoa fedha za mfukoni akanunua tiketi ya kawaida ili jioni isiharibike. Kila aliyefanya hivyo aliipunguzia kampuni hasara, na ada yake ya mwezi ilibaki palepale.

Tena fikiria karani aliye upande wa pili wa kioo. Kadi imekataa, mteja anamtazama yeye. Yeye ni mwajiriwa wa ukumbi, si wa MoviePass. Hana uwezo wa kuona akaunti ya mteja, hana namba ya mtu wa kumpigia, na hajafundishwa lolote kuhusu kadi hiyo kwa sababu ukumbi wake pengine haukuwahi kukubaliana chochote na kampuni iliyoitoa. Kwa wengi, malalamiko ya huduma mbovu katika kumbi za sinema huishia kwa kijana huyu wa dirishani, ambaye mara nyingi hulipwa ujira wa chini. Katika kisa hiki hakuwa na hatia hata chembe, na bado ndiye aliyepokea hasira za watu kwa miezi mingi.

AMC, kampuni yenye kumbi nyingi kuliko zote Marekani, ililiona hilo mapema. Siku ileile ya 15 Agosti 2017 ilitoa taarifa kali kwamba MoviePass haikaribishwi kwake na kwamba inatafuta ushauri wa wanasheria. Ilieleza kuwa wastani wa bei ya tiketi zake robo ya pili ya mwaka ulikuwa dola 9.33, kwa hiyo ahadi ya filamu moja kila siku kwa dola 9.95 haiwezi kudumu, na siku itakapovunjika wateja watabaki na kinyongo dhidi ya sinema kwa jumla. AMC ilikuwa na maslahi yake, hilo halifichiki. Lakini onyo lenyewe lilikuwa sahihi, na lilikuwa hadharani tangu siku ya kwanza.

Kuzidiwa si kosa lilelile

Miezi ya mwanzo napenda kuihukumu kwa haki. Tovuti ililemewa siku ya tangazo. Kadi zilizoahidiwa kufika ndani ya siku chache zilichukua wiki kadhaa, na watu walikatwa ada huku hawana kadi mkononi. Ujumbe wa malalamiko kwenye programu ulikaa bila majibu. Hayo ni ya kampuni ndogo iliyovamiwa na umati. Yanaudhi, lakini yanatengenezeka: unasimamisha usajili mpya kwa muda, unaajiri watu, hukati ada mpaka kadi ifike.

MoviePass haikuchukua njia hiyo. Iliendelea kusajili, ikashusha bei zaidi kwa waliolipa mwaka mzima kwa mkupuo. Na fedha ilipopatikana haikuelekezwa kwenye meza ya huduma. Januari 2018 kampuni iliingia katika ununuzi wa filamu, ikashiriki kununua filamu ya American Animals kwenye tamasha la filamu la Sundance. Baadaye ikaweka fedha katika filamu ya Gotti. Aprili ikainunua Moviefone, tovuti ya habari na ratiba za filamu. Mama lishe aliyetangaza kula ushibe kwa bei moja, akaona sufuria inakauka, hatarajiwi kwenda kununua mkokoteni wa matunda wakati wateja wamekaa na sahani tupu.

Wakati huohuo fedha zilikuwa zikivuja. Helios and Matheson iliwaarifu wadhibiti wa soko la hisa kwamba kati ya mwisho wa Septemba 2017 na mwisho wa Aprili 2018 ilikuwa ikipungukiwa na wastani wa dola milioni 21.7 kila mwezi. Mei pekee ilikuwa kama milioni 40.

Basi masharti yakaanza kuhama. Mwishoni mwa Januari 2018 kumbi 10 za AMC zilizokuwa na shughuli nyingi zilitoweka kwenye programu, na wateja waliligundua jambo hilo kwa kuzitafuta na kuzikosa. Aprili ikapigwa marufuku kutazama filamu ileile mara mbili. Kwa muda wateja wapya wakapewa kifurushi cha filamu 4 kwa mwezi badala ya filamu kila siku, kisha kile cha zamani kikarudishwa. Julai ikaja tozo ya ziada ya dola kadhaa kwa filamu au saa zenye watu wengi. Aliyelipa ada ya mwaka mzima alikuwa amenunua kitu kimoja, na kila baada ya wiki chache alijikuta anamiliki kingine.

Usiku wa Alhamisi, 26 Julai 2018, kadi ziliacha kufanya kazi. Filamu ya Mission: Impossible – Fallout ilikuwa ndiyo inaanza kuonyeshwa. Kampuni iliwaambia wateja kwamba kuna tatizo la kiufundi kwenye mfumo wa kadi na mafundi wanalishughulikia. Kesho yake taarifa iliyopelekwa kwa wadhibiti wa soko la hisa ikaeleza ukweli: kampuni haikuweza kuwalipa wanaochakata miamala yake, kwa hiyo ilikopa dola milioni 5 kwa dharura. Ziliisha fedha. Mwekezaji aliambiwa hivyo kwa maandishi kwa sababu sheria ilidai. Mteja aliyesimama mlangoni na kadi iliyokataa, ambaye hakuna sheria iliyompigania usiku ule, aliambiwa ni ufundi.

Naona hapo ndipo huduma kwa wateja ya MoviePass ilipokufa rasmi, hata kabla ya kuyajua yaliyokuwa yakifanyika kwa siri. Mtu husamehe kukosa filamu. Lakini mtu anapogundua kwamba jibu alilopewa na dawati la huduma lilikuwa kifuniko tu, hawezi tena kuamini jibu lolote litokalo hapo, hata lile la kweli.

Siku zilizofuata zilikuwa vurugu. Filamu kubwa ziliondolewa kwenye programu. Tarehe 31 Julai kampuni ikatangaza ada itapanda hadi dola 14.95, tarehe 6 Agosti ikabadili kauli, ada ikabaki dola 9.95 lakini kwa filamu 3 tu kwa mwezi. Hata hizo 3 hazikuwa za kuchagua, maana kila siku kampuni ilipanga yenyewe ni filamu zipi chache zitaruhusiwa.

Mbinu tatu

Sasa nirudi kwenye nyaraka za FTC, kwa kuwa zinaeleza kilichokuwa kikiendelea nyuma ya pazia wakati wateja wakidhani wanapambana na programu mbovu.

Ya kwanza ni ile ya nywila. Kampuni ilichagua wateja 75,000 waliotumia huduma sana, ikabatilisha nywila zao, ikawaandikia kwamba imeona shughuli za kutiliwa shaka. Mteja alitakiwa atengeneze nywila mpya. Njia ya kutengeneza nywila mpya nayo mara nyingi iligoma, na waliouliza dawati la huduma walikaa muda mrefu bila jibu. Tume inaeleza kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na kiongozi aliyeonya kuwa jambo hilo litagundulika na litaleta matatizo na mamlaka. Jibu la Lowe lilikuwa kulijaribu kwa kundi dogo kwanza, asilimia 2 ya watumiaji wakubwa kabisa.

Nataka msomaji akae kidogo na hilo. Swali lililokuwa mezani, la iwapo ni halali kumwambia mteja mwaminifu kwamba akaunti yake ina harufu ya udanganyifu, lilijibiwa kwa kupunguza idadi ya watakaoambiwa. Na mtu aliyepokea ujumbe ule alifanya nini? Aliogopa. Alidhani kadi yake ya benki imeibiwa namba. Wapo waliotumia jioni nzima kubadilisha nywila za huduma nyingine, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa kufanya tukipata onyo la namna hiyo. Kampuni ilichukua lugha ya kumlinda mteja ikaitumia kumzuia.

Ya pili ilikuwa uhakiki wa tiketi. Wateja waliochaguliwa walitakiwa, baada ya kununua tiketi, waipige picha na kuituma kupitia programu ndani ya muda uliowekwa. Aliyeshindwa alizuiwa kutazama filamu nyingine. Aliyeshindwa zaidi ya mara moja alikuwa hatarini kufutiwa usajili. Hadharani kampuni ilisema inapambana na watu wanaoazimana kadi. Hoja hiyo peke yake ingekuwa na mantiki, maana walanguzi wapo katika biashara yoyote ya tiketi. Lakini kwa maelezo ya FTC lengo lilikuwa kuwavunja moyo watumiaji wakubwa, na mfumo wenyewe mara nyingi haukufanya kazi: uligoma kwenye simu za aina zilizo mikononi mwa watu wengi, na ulikataa picha zilizopigwa sawasawa. Maelfu ya watu walizuiwa kwa njia hiyo. Mteja mwenye tiketi halali mfukoni alijikuta ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba si mwizi, mbele ya mashine isiyoona.

Ya tatu ndiyo iliyojificha kuliko zote. Wateja waligawanywa katika makundi kulingana na wingi wa safari zao, na kila kundi, hasa la wale waliotazama zaidi ya filamu 3 kwa mwezi, liliwekewa kiasi cha juu cha fedha ambacho kampuni ilikuwa tayari kulitumia kundi zima kwa mwezi. Kundi likifikia ukomo huo, wote waliomo walifungiwa. Hawakuambiwa kwamba wamo kwenye kundi wala kwamba lina ukomo. Mtu angeweza kuwa ametazama filamu chache tu mwezi huo, akafungiwa kwa sababu watu asiowafahamu, wa mji mwingine, wamekwisha kumaliza fungu. Kwenye simu yake aliona tu kwamba haiwezekani. Alizima simu akaiwasha. Aliifuta programu akaipakua upya. Aliandika kwa dawati la huduma, na mhudumu wa kawaida kule, hata kama angejibu, angemwambia ajaribu tena baadaye.

Hapa ndipo mtu anapoona jinsi huduma dhaifu ilivyofaa mipango ya wakubwa. Dawati lenye watu wa kutosha na wenye majibu lingeziumbua mbinu hizi zote tatu ndani ya wiki. Wahudumu wangeona malalamiko ya aina moja yakitoka kwa watu wa aina moja, wangeuliza. Wateja wangepewa nywila mpya kwa dakika tano na mbinu ya kwanza ingekuwa bure. Kwa mbinu za namna hii, laini isiyopokelewa ni kifaa cha kazi. Sisemi kwamba kampuni iliacha kuajiri wahudumu kwa lengo hilo. Nyaraka hazisemi hivyo. Nasema mbinu zile zisingefanya kazi bila ukimya ule.

Kutoka ilikuwa vigumu kuliko kuingia

Mteja aliyechoka alikuwa na haki moja ya mwisho, ya kuondoka. Agosti 2018, kifurushi kipya kilipoletwa, baadhi ya watu waliokwisha kujiondoa walipata ujumbe kwamba wamejiunga nacho. Wengine walisema kitufe cha kujiondoa hakiitiki. Kampuni ilisema ni hitilafu. Oktoba ikawaandikia baadhi ya wateja ambao hawakuwa wamekubali kifurushi kipya kwamba wamechaguliwa kurudishiwa huduma ya filamu kila siku, na kwamba wataanza kukatwa fedha wasipojitoa kabla ya tarehe iliyotajwa. Kunyamaza kukageuzwa kuwa kukubali.

Na hata taarifa zao hazikuwa salama. Mwaka 2019 iligundulika kwamba hifadhidata ya kampuni yenye namba za kadi na majina ya wateja ilikuwa wazi mtandaoni bila ulinzi, na FTC ikalitaja hilo pia kwenye malalamiko yake. Kampuni iliyowatisha watu kwa udanganyifu wa kubuni iliacha mlango wazi kwa udanganyifu wa kweli.

Huduma ilifungwa tarehe 14 Septemba 2019. Januari 2020 kampuni iliomba mahakama kuitangaza mufilisi.

Kilichowezekana

Wapo wanaosema hakukuwa na njia nyingine: bei ilikuwa ya wazimu, kwa hiyo lazima kampuni ingewabana wateja au ife. Sikubaliani. AMC ilianzisha mpango wake Juni 2018, A-List, kwa dola 19.95 kwa mwezi, filamu 3 kwa wiki, pamoja na 3D na IMAX, na mteja aliweza kukata tiketi mapema akiwa kwake. AMC ni mwenye ukumbi, hiyo ni faida ambayo MoviePass haikuwa nayo. Lakini angalia jambo moja: ukomo ulikuwapo, uliandikwa, na mteja aliujua kabla ya kutoa fedha. Filamu 3 kwa wiki, basi. Alipofika ya nne alijua kwa nini mlango umefungwa, na hakuwa na sababu ya kumfokea karani.

MoviePass ingeweza kusema hivyohivyo Novemba 2017, ilipokwisha kuona hesabu za miezi ya kwanza: tumekosea bei, kuanzia mwezi ujao ni filamu 3, asiyetaka tunamrudishia salio lake lote. Wengi wangeondoka. Wengine wangebaki, kwa kuwa filamu 3 kwa dola 9.95 bado ni neema. Tena ndiyo bei ileile waliyoishia kuitoza Agosti 2018, baada ya kupoteza mamia ya mamilioni ya dola na imani ya watu. Stacy Spikes, mwanzilishi aliyeondolewa kazini mapema mwaka 2018, aliinunua tena kampuni Novemba 2021 na kuirudisha sokoni mwaka uliofuata kwa mfumo wa pointi ambao mteja anaziona zikipungua kila anapochagua filamu.

Kuna la kumwambia pia meneja wa ukumbi, hata aliye mbali na Marekani. Ukumbi unapokubali tiketi, vocha au kadi ya kampuni nyingine, kwa macho ya mteja ukumbi ndio umeahidi. Hakuna mtu anayesoma mikataba kwenye foleni. Kumbi zilizomwachia karani wa dirishani peke yake mzigo wa kadi nyekundu zilikosea, hata kama hazikuwa na mkataba wowote. Karatasi moja ukutani yenye maelezo ya nini ukumbi unaweza kufanya na nini hauwezi, pamoja na punguzo dogo kwa aliyekwama, vingemlinda karani na kumbakiza mteja.

Nani alilipa

Makubaliano ya Juni 2021 yaliwakataza wahusika kupotosha wateja kuhusu huduma wanazouza, na kuwataka waweke mpango wa kulinda taarifa za watu. Wateja 75,000 walioambiwa wana dalili za udanganyifu hawakupata hata dola moja kutokana nayo. Kampuni ilikuwa imefilisika, hakukuwa na kitu cha kugawana.

Mashtaka ya jinai yalikuja Novemba 2022, na hayakuwa kwa niaba ya watazama sinema. Lowe na Farnsworth walishtakiwa kwa kuwalaghai wawekezaji. Septemba 2024 Lowe alikiri kosa la kula njama, na Januari 2025 Farnsworth naye akakiri makosa. Ukizisoma hoja za waendesha mashtaka, unawakuta wateja wakitajwa kwa njia ambayo sikuitarajia. Wawekezaji waliaminishwa kwamba gharama zinashuka kwa sababu wateja wameanza kupoa wenyewe, kama ilivyotabiriwa, na kwamba huo ni uthibitisho kuwa dola 9.95 ni bei inayowezekana. Kwa maelezo ya waendesha mashtaka, wakuu hao walikuwa wakiwaagiza wafanyakazi watumie mbinu za kuwazuia baadhi ya wateja wasiitumie huduma. Mtu aliyerudi nyumbani bila kuona filamu, akiilaumu simu yake, alihesabiwa kwenye ripoti kama mteja aliyetosheka.